Ramani Iliyoishia Pennsylvania

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe mosi Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari ya mji wetu, huku Connecticut, Marekani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo zangu kiunoni, maana mimi ndiye fundi wa boila ya kupasha majengo joto na wa kila kinachovuja shuleni hapo. Tena ni baba yake Marta, ambaye mwaka huu alikuwa anamaliza shule. Mama yake, Halina, alifariki miaka miwili iliyopita, huku watu wa bima na watu wa hospitali wakibishana nani asaini kwanza karatasi za matibabu yake.

Siku hiyo wanaomaliza huvaa fulana za vyuo walivyochagua. Kila mmoja anatajwa, anapigiwa makofi, kisha anachomeka kibendera kwenye ramani. Ramani niliitundika mimi, kwa amri ya mkuu wa shule, Bwana Thornley. Ilianzia Maine ikaishia Pennsylvania. Majimbo mengine yote, pamoja na mamilioni ya watu wake, yalichorewa kiboksi pembeni, ukubwa wa bahasha, kimeandikwa "Kwingineko."

"Mkuu, kipande kilichobaki kiko wapi?" nilimuuliza.

"Hatukihitaji sana, Stan."

Mimi niliachia shule darasa la kumi, lakini najua nchi haiishii pale. Yeye ana shahada tatu.

Marta alikubaliwa vyuo viwili. Kimoja ni Wexcombe, dakika arobaini kutoka kwetu, kuta za mawe zimejaa majani ya kutambaa. Ukikitaja dukani kwa muuza nyama, watu wanakupisha kwenye foleni. Kingine ni chuo cha jimbo kule Oklahoma, ambako wanasomea vimbunga. Tangu ana miaka sita, radi ikipiga wenzake wakijificha chini ya kitanda, yeye hukimbilia dirishani. Akachagua Oklahoma. Alitakiwa athibitishe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, isipite saa sita usiku.

Sasa mshauri wa vyuo, Bi Prudence Hale, alipoandaa orodha hakuona haja ya kumuuliza. Mtoto kakubaliwa Wexcombe, nani mwenye akili timamu angekwenda pengine?

"Marta Gorecki," mkuu akasoma kwenye kipaza sauti, "Wexcombe!"

Ukumbi mzima ulisimama. Wazazi ambao miaka yote hawajawahi kunisalimu waligeuka wakanipungia mikono. Na mimi, mjinga, nikawapungia.

Marta akapanda jukwaani na fulana yake nyekundu. "Samahani, mkuu. Ni Oklahoma."

Makofi yakakatika kama mtu kafunga koki. Kutoka nyuma kijana mmoja akalia kama ng'ombe wa huko Oklahoma, "Mooo!" Watu wakaangua kicheko. Mkuu naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu mawili. Marta akakiangalia kile kiboksi, akakipita, akaenda kuchomeka kibendera chake ukutani, nje kabisa ya ramani, pale alipokadiria Oklahoma ingekuwa. Alitoboa plasta. Ukuta ule niliupaka rangi mwenyewe, na sikulalamika.

Nusu saa baadaye Bi Hale akanifuata chumba cha boila.

"Stan, ongea na binti yako. Muda bado upo."

"Niongee nini? Si ameshaongea mwenyewe, tena kwenye kipaza sauti?"

"Yule ana kichwa cha Wexcombe! Kule atasoma na nani?"

"Na watu. Nasikia wapo."

"Usitanie. Mwaka jana tulipeleka wanane Wexcombe, mwaka huu watakuwa saba. Watu wananunua nyumba mji huu kwa sababu ya namba hizo."

"Basi huyo mnunuzi wa nyumba aende akasome yeye."

"Wewe umewahi kufika Oklahoma?"

"Sijafika. Wewe je?"

"Nimepita juu kwa ndege," akasema, akaondoka na viatu vyake vikilia sakafuni.

Jioni nilichemsha pierogi, vile vijisambusa vya unga vyenye viazi ndani. Marta alikaa na kompyuta pembeni ya sahani, hali chakula, anazungusha uma tu.

"Baba, nataka kubonyeza Wexcombe."

Nikaweka uma chini. "Wamekutisha, eh? Yule Thornley na mdomo wake! Hao ndio wanaoharibu nchi hii, wanakaa ofisini wanawapangia watu wapi pana maana na wapi hapana. Kesho nakwenda kuing'oa ile ramani yao..."

"Baba, waache hao. Walie ng'ombe, walie mbuzi, mimi sijali."

"Sasa shida nini?"

"Wexcombe ni dakika arobaini. Ningekuwa nakuja kila Jumapili."

Nikatafuta wa kumlaumu, kwa mazoea. Humo jikoni tulikuwa wawili tu.

"Bonyeza Oklahoma," nikasema.

"Baba..."

"Marta, bonyeza. Mama yako angekuwepo angeshabonyeza yeye."

Akabonyeza. Kompyuta ikaandika hongera kwa herufi nyekundu kubwa. Marta akaifunga, akavuta sahani yake, akala pierogi moja taratibu. Halafu akaniangalia.

"Haya, nimebonyeza," akasema. "Mwezi wa nane nikiondoka, wewe utakuwa unakula na nani?"