Wachangiaji Wote kwa Mara Moja

Mama Pacha alikuwa mtunza kumbukumbu wa benki ya damu hospitalini. Kompyuta yake ilionyesha mchangiaji damu mmoja tu kwa mara moja. Akimtaka mwingine, abonyeze mshale. Damu adimu ikihitajika, alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi.

Asubuhi moja shemeji yake, mdogo wa mumewe na fundi wa kompyuta, alikuja kumwondolea adha hiyo. Aliibadilisha fomu ya kwenye skrini ionyeshe wachangiaji wengi pamoja, mstari chini ya mstari: jina, kundi la damu, simu. Mwishoni mwa kila mstari akaweka kisanduku cha kuandika nani keshapigiwa.

"Haya shemeji, jaribu," akasema, akatoka kunyoosha mgongo.

Hapo mkunga akaingia mbio. "Kuna mzazi anavuja damu! O hasi! Mifuko tuliyo nayo itamshikilia kidogo tu."

Mama Pacha akachuja kundi hilo, na wanne wakajitokeza mara moja. Akampigia wa kwanza, mwalimu, naye akakubali. Akaandika "anakuja" kwenye mstari wake. Papo hapo mistari yote minne ikaonyesha "anakuja". Akaondoa mchujo: benki nzima, mamia ya watu, wote "anakuja".

Moyo ukampiga paa. Kazi ya miaka!

"Shemeji! Njoo uone, nimeua benki!"

Shemeji akarudi akihema, akatazama, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Hujaua kitu. Hicho kisanduku sikukiunganisha na jedwali linalohifadhi kumbukumbu, ndiyo maana kinarudia neno lilelile kila mstari. Hakijahifadhi chochote. Kosa ni langu."

Akalifungua jedwali lenyewe. Majina, makundi, simu: vyote vilikuwa salama.

"Wewe mtoto! Kaka yako angekuwa mgane kwa ajili ya kisanduku!"

"Nisamehe, shemeji. Wewe endelea kupiga simu, mimi nitarekebisha."

Akaongeza safu kwenye jedwali, akakiunganisha kisanduku nayo. Mama Pacha akaandika tena, roho mkononi. Safari hii neno likakaa mstari mmoja tu.

Mwalimu alifika na vumbi la chaki vidoleni, na nyuma yake mchomelea vyuma, wa pili kupigiwa simu. Damu ikapimwa, ikapelekwa wodini.

Alasiri mkunga akachungulia mlangoni, safari hii bila kukimbia. "Yule mzazi kafumbua macho. Anamuulizia mtoto wake."

Mama Pacha alivua viatu chini ya meza, akanyoosha miguu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.