Rais Alipoaga, Baba Alikuja Kitale

Siku rais alipoliaga taifa, Mzee Wakhungu alikuwa nyumbani kwake Bungoma, akipukuchua mahindi huku redio ikinguruma. Rais alisema amejitahidi, ila jambo moja limemshinda: kuwapatanisha waliomwagiana damu kwa sababu ya ardhi. "Hilo nawaachia ninyi," alisema. "Nendeni kwa wale mnaowachukia. Kaeni chini, mzungumze."

Kesho yake mzee alikwenda Kitale kwa bintiye, Edah. Hawakuwa wamesemezana tangu aolewe na Kipyegon, mtu wa Cheptais. Levi, kifungua mimba wa mzee, alipotelea huko Cheptais wakati wa vita vya mashamba, na maiti yake haikuonekana.

Edah alifungua mlango. Alimwingiza babake ndani, akawasha jiko na kubandika chai huku analia.

"Sijakuja kugombana," mzee alimwambia Kipyegon. "Si umesikia rais? Ati tuzungumze. Basi niambie, kijana wangu alienda wapi?"

Kipyegon aliinamisha kichwa. Miaka yote alikuwa akimwambia Edah kwamba hajui.

"Wapiganaji walimpitisha kwetu, Baba, amefungwa mikono. Akamwita babangu kwa jina, walijuana sokoni. Babangu akaogopa. Akafunga mlango."

"Na wewe?"

"Nilikuwa ndani. Nilisikia."

Chai ilifurika ikazima moto, Edah asijali. "Ulijua," alimwambia mumewe. "Ukanioa ukijua."

"Nilitaka kukwambia. Nikaogopa utaenda."

Mzee alivua kofia, akaishika magotini. "Aliita tena?"

"Aliita tena, Baba."

Mzee alilia bila kujificha. Alipotulia akasema, "Rais ametuambia tuzungumze. Hakusema tukimaliza tufanye nini."

Aliondoka bila kuonja chai. Edah alijitupia leso begani, akamfuata.

Jumamosi hiyo, Bungoma, walizika shina la mgomba mahali pa Levi, kama azikwavyo mtu asiyepatikana. Kipyegon alikuja peke yake, akasimama nje ya ua. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha. Edah alimwona. Akaokota udongo, akautupa kaburini, kisha akaenda kukaa karibu na babake.