Jembe la Pili

Mimi ni matroni wa bweni la wavulana, na nikisema wavulana wananichosha, usidhani natania. Nimewashonea vifungo, nimewapaka dawa ya upele, nimeingilia ngumi zao na mwiko mkononi. Kundi la wavulana chini ya paa moja lina harufu yake, na sabuni ya kuishinda bado haijatengenezwa. Sina tabia ya kusifu watu ovyo. Lakini mwaka wa Kobe nitausifu, atakayenuna na anune.

Bweni letu ni la nne, la mwisho chini ya mteremko. Maji machafu ya mabweni matatu ya juu hushuka kwa mtaro mmoja, na mtaro huo hupita chini ya dirisha langu kabla ya kuishia bondeni. Ndiyo maana shule nzima ilituita Bweni la Matope. Na tulikuwa tumelistahili jina. Mwaka uliotangulia vijana wangu walivunja madirisha, walichapana kwa mikanda, na viranja waliwageuza wadogo punda wa kuwachotea maji. Walezi wa bweni walikuja na kuondoka kabla sijajua wanapenda chai ya namna gani.

Siku ya kufungua shule, Mwalimu Mkuu alishuka mpaka kwetu akasimama kwenye ngazi. Hakupandisha sauti.

"Nawapa mwaka mmoja," alisema. "Nikikuta ugomvi hapa, nawagawa kwenye mabweni ya juu, na jengo hili litakuwa ghala."

Chumba changu kiko mwisho wa jengo hilohilo. Huko juu kila bweni lina matroni wake, kwa hiyo mimi ningebaki matroni wa magunia. Hata hivyo si chumba kilichoniuma zaidi. Niliwaogopea wanangu, maana mtoto hata awe mtukutu vipi, akishameza dawa mkononi mwako amekuwa wako.

Jioni ileile wakachagua kiranja mkuu wa bweni, na wakamchagua Kobe kwa mzaha. Alikuwa kijana wa kidato cha mwisho, mpana wa mabega, mzito wa kusema. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu lake lilikufikia umeshasahau uliuliza nini.

"Bora Kobe," walicheka. "Huyu hawezi kutukimbiza!"

Nilimfuata mlezi wetu mpya, mwalimu kijana wa fizikia ambaye kila siku alitafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake, nikamwambia tumekwisha.

"Tumpe nafasi, mama," akasema. Nikasonya, nikaenda zangu.

Wiki ya kwanza haikuisha salama. Kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, wenzake walimwita Kidonge. Asubuhi moja alimwaga beseni la maji kupitia dirisha la juu, na maji yakamwangukia kiranja wa usafi. Huyo kiranja walimwita Askari kwa sababu alipenda amri kuliko chakula.

"Mtaro!" Askari alinguruma, maji yakimchuruzika masikioni. "Kuanzia bafuni mpaka bondeni, na uishe leo!"

Kobe alikuwa amesikia. Akaenda stoo kwa mwendo wake uleule, akarudi na majembe mawili. Moja akampa Kidonge. La pili akamnyooshea Askari.

"La nini hili?"

Kobe akafikiri. Sote tukangoja. "Umetoa adhabu," alisema mwishowe. "Sasa twende ukaifanye naye."

"Mimi? Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lakini ukiwa ndani ya mtaro utajua kama umempimia sawa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Askari alitimka kwenda kushtaki kwa mlezi. Mlezi alimsikiliza mpaka mwisho, miwani kichwani, kisha akasema, "Kiranja mkuu ameshasema." Basi Askari akakunja suruali, akashuka kwenye matope. Mimi nilikuwa dirishani. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya Bweni la Nne kwamba anayetoa adhabu hushika jembe la pili. Ungewaona viranja wangu! Aliyezoea kuwarusha wenzake kichurachura kuzunguka uwanja alianza kuyaonea huruma magoti yake. "Wewe, leo nimekusamehe," utamsikia akisema, "potea mbele yangu." Adhabu hazikuisha, zilibaki zile za haki tu. Kobe mwenyewe alipomwadhibu mtu, alilima naye kimya mpaka mwisho, na mkosaji akichoka alimwachia kivuli akamalizia peke yake. Nakwambia hiyo ilikuwa inauma kuliko fimbo. Hakuna aliyetaka kukaa kivulini akimtazama Kobe akitokwa jasho kwa kosa lisilo lake.

Kuna jambo jingine. Siku chache baada ya ule mtaro, Askari alianza kuniletea shuka mbili za kufua kila mara badala ya moja.

"Makubwa," nikamwambia. "Siku hizi unalala vitanda viwili?"

Akatazama huku na huku. "Matroni, nakuomba uzipokee tu. Usiniulize mbele za watu."

Ile ya pili ilikuwa na harufu ya mkojo, na pembeni imeandikwa jina la Kidonge. Hapo nikaelewa. Yale maji ya dirishani Kidonge alikuwa amefulia shuka yake kwa siri, kwa sababu alikuwa akikojoa kitandani na aliogopa kuchekwa. Walipokuwa wawili ndani ya mtaro, mtoto alikuwa amemwambia Askari. Nami nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si jepesi. Nilizipokea zile shuka, nikalia kidogo juu ya beseni. Mtu akiuliza, ilikuwa sabuni.

Muhula wa pili tulishiriki mpira wa mabweni, na tulifungwa na kila mtu. Kobe alikuwa beki, na mpira ulikuwa ukimpita kabla hajamaliza kugeuka. Walirudi wakiimba utadhani wamebeba kombe, Kidonge juu ya mabega ya Askari, nami nikawagombeza kwa kuniletea vumbi kwenye sakafu iliyopigwa deki. Mafua yalipoingia bwenini, wakubwa waliwapelekea wadogo maji ya moto vitandani bila kuamriwa na mtu. Mlezi alikaa mwaka mzima. Nikajua hata chai yake: nyeusi, sukari nyingi. Niliwapenda watoto wale, na nilianza kuamini kwamba tutapona.

Wiki ya mwisho ya mwaka, Kobe akiwa kwenye chumba cha mtihani, vijana wa Bweni la Kwanza waliteremka na gunia tupu. Wakalitundika kwenye mlango wetu.

"Tumeleta mzigo wa ghala!" wakapiga kelele. "Fungueni, tupange!"

Kidonge ndiye aliyeruka wa kwanza, na umbo lake lile. Wakamsukuma, akaanguka. Askari akaingia kati kumkinga, akapigwa ngumi ya mdomo, na hapo bweni zima likamwagika nje. Nilichukua mwiko wangu nikakimbia, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amefika kabla yangu. Wale wa juu walikwishatimua mbio kupanda mteremko. Alichokikuta ni vijana wangu tu, vumbi na damu.

"Nilisema," akasema. "Bweni la Nne lote, mtaro wote, kuanzia juu mpaka bondeni. Mkimaliza, fungasheni mabegi. Kesho nawagawa."

Walipanga foleni stoo, kila mtu akatoka na jembe au koleo. Ndipo nikamwona Kobe akija kutoka kwenye mtihani, kalamu bado sikioni. Akamwuliza Askari neno moja, akaingia stoo, akatoka na majembe mawili.

Alikwenda polepole mpaka mbele ya Mwalimu Mkuu, akamnyooshea mpini kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili ni lako."

"Nini hiki?"

Kobe akafikiri. Mungu wangu, nilisema moyoni, mtoto huyu, leo jibu haraka! Askari ndiye aliyesema, mdomo umevimba. "Mwalimu, hapa kwetu anayetoa adhabu huifanya pamoja na aliyeadhibiwa. Hata mimi nilifanya."

"Na mimi," akasema Kidonge. "Alifanya na mimi."

Mwalimu Mkuu aliwatazama wote, mmoja mmoja. Nilijua akigeuka na kwenda ofisini, bweni langu limekufa. Akavua koti. "Matroni," alisema, "nishikie."

Alianza juu kabisa, Kidonge upande wake. Nilitembea ukingoni nimekumbatia koti, nikasikia kila kitu. Alimuuliza mtoto nani alianza, na mtoto akamweleza habari ya gunia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaegemea jembe. Kisha akaendelea kulima. Alifika bondeni matope yamempanda mpaka magotini, mikono imetoka malengelenge. Akamrudishia Kobe jembe kwa mikono miwili, vilevile alivyopewa.

"Walioanza kufunga mabegi wafungue," akasema.

Kobe alimaliza shule siku chache baadaye. Aliniaga kwa maneno matatu, na niliyangoja yote. "Asante kwa kutulea." Nikamwambia aende huko, ananichelewesha kazi, kisha nikajifungia chumbani.

Mwaka mpya ulipoanza niliogopa kwamba sheria yake imeondoka naye. Siku moja asubuhi nikasikia kelele huko juu, Bweni la Kwanza; madirisha yalikuwa yamevunjwa. Baadaye kidogo mtu akabisha hodi stoo kwangu. Alikuwa Mwalimu Mkuu, bila koti, mikono ya shati ameikunja, jembe moja tayari begani.

"Hili ni la mkosaji," akasema. "Naomba la pili."