Ifakara Katikati ya Dunia

Mtu akishapata tai na cheti cha wiki mbili, utamwambia nini tena? Bwana Eustaki, mkuu wa kituo cha utafiti wa mbu pale Ifakara, alivipata vyote viwili Dar es Salaam mwaka tisini na sita, akarudi anatembea kifua mbele. Febronia, mchoraji ramani wake, alimwona kichekesho.

Wiki ile mgeni wa wafadhili alikuwa anakuja. Akiridhika na kazi, mchoraji wa kituo angepelekwa Nairobi mwaka mzima kusomea ramani. Febronia aliitaka safari hiyo mpaka wali ukawa haupiti kooni.

Siku mbili alihangaika na kompyuta. Programu ilikuwa na namna kumi za kuitandaza dunia kwenye karatasi. Akachagua ile ya duara, akaandika latitudo na longitudo, na Ifakara ikakaa katikati kabisa, dunia nzima imeizunguka.

"Shikamoo mzee," alisema Febronia, Bwana Eustaki alipoingia kukagua.

Mzee hakuitikia. Alikuwa ameikodolea macho latitudo. "Hii alama ya kutoa ya nini?"

"Inaonyesha tuko kusini ya ikweta, mzee."

"Wageni wataona tuko chini ya sifuri. Cheti ninacho mimi au unacho wewe, binti?"

Akaifuta kwa kidole chake mwenyewe, akaandika na jina lake pembeni. Dunia ikateleza, na neno Ifakara, lililobandikwa katikati ya karatasi, likaangukia Uhabeshi.

Febronia aliona. Angeweza kuirudisha ile alama mzee akishatoka. Wapi! Acha aumbuke, alijisemea, jitu zima halijui mto Kilombero uko upande gani wa dunia. Akachapisha, tena kwa rangi.

Kesho yake mgeni aliuliza ramani kaichora nani. Bwana Eustaki akainuka haraka. Mgeni akaweka kidole juu ya neno Ifakara, akasema kwa upole kwamba hapo ni Uhabeshi. Ukumbi ukaangua kicheko, Febronia kuliko wote.

"Mchoraji wetu ni yule pale, anayecheka," alisema Bwana Eustaki bila haya.

Mgeni akamgeukia. "Uliliona kosa hili kabla ya kuchapisha?"

Akikana, mjinga. Akikiri, ana roho mbaya.

"Niliona," alisema.

Mgeni akaandika kitu kwenye daftari, kisha akaomba aonyeshwe mbu. Nafasi ya Nairobi ikaenda kituo kingine, na Febronia akabaki Ifakara na Bwana Eustaki.