Baiskeli ya Sjef

Mume wangu Sjef alipasuliwa taya, akawekewa kibati cha chuma, nasi tukajua yamekwisha. Mara shavu likavimba upya. Wakambadilishia dawa, likazidi, usaha ukawa unatoka chini ya kidevu. Nilikuwa sielewi kitu. Dawa ni dawa, sasa inashindwaje na kidonda?

Hata Daktari Verhagen alikuwa amechanganyikiwa.

"Mama, hali hii ikiendelea itabidi tukate mfupa wenyewe," aliniambia. "Hebu nieleze tena, ile baiskeli ilimwangushaje?"

"Baiskeli gani?"

Sjef, taya limefungwa waya, alianza kunikonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni.

"Iliyomvunja taya."

"Alivunjwa na Grietje, bwana!"

"Grietje ndiye nani?"

"Nguruwe wetu. Jike, zito kuliko wewe, samahani."

Muuguzi akarudi nyuma hadi mlangoni. Huku Brabant, kusini mwa Uholanzi, hata mtoto anajua: hospitali itakuuliza kama unafuga nguruwe, kwa sababu wengi wetu wafugaji tunabeba puani vijidudu sugu, visivyotudhuru mpaka tupasuliwe. Ukikubali, unawekwa chumba cha peke yako mpaka upimwe. Sjef aliulizwa, akatikisa kichwa kukataa, akasingizia baiskeli.

"Kwa nini, we mzee?" nilifoka.

Akachukua ubao wake mdogo, akaandika: *Karata.*

Kaka yake aliwahi kufungiwa hivyo, akatoka analalamika kwamba hakupata hata mtu wa kucheza naye. Basi hiyo ndiyo sababu! Nilitamani kucheka, nikatamani kumpiga, nikaishia kulia.

Wakampima, wakavikuta, wakampa dawa inayoviweza. Uvimbe ukaanza kushuka. Daktari akasema mfupa umenusurika kisu. Sasa Sjef yuko chumba cha peke yake, nami huingia kwake nimevaa joho na barakoa.

Leo nimepita wodi ya zamani kumsalimia Toon, jirani yake wa kitanda, ambaye naye alipasuliwa taya. Karata zao zilikuwa bado mezani. Shavu lake limevimba.

"Wamenipima, nami ninavyo," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Sijui nimevitoa wapi, shemeji. Mimi ni mwalimu, nguruwe namwona kwenye sahani tu! Mwambie Sjef nikipona namfunga tena kwenye karata."

Nilipoingia kwa Sjef, alikuwa ameshaandika: *Toon hajambo?*

Niliyafuta maneno yale kwa mkono wa joho, nikamwambia alale.