Mwavuli wa Irungu

Irungu, fundi wa friji hapa mtaani Tassia, aliona kwenye simu video ya ndege wa misitu ya Papua. Dume hufagia uwanja kwanza, kisha hukunjua manyoya meusi yakawa duara kama sahani, bluu ikiwaka katikati, akaruka-ruka mbele ya jike. Jike mwenyewe hana rangi ya kujisifia. Kazi yake ni kutazama na kuamua.

"Jumamosi natokea hivyo kwa kina Waringa," akaniambia mimi rafiki yake, yaani nyumbani kwa mchumba wake.

"Buda, wewe ni mgonjwa."

Kwetu Wakikuyu, siku ya ngurario, harusi ya kimila, bibi harusi hufunikwa leso kuanzia kichwani, akapangwa mstari na wasichana wengine waliofunikwa hivyo hivyo. Bwana harusi lazima amtambue wake na kumtoa. Irungu hakuwa na wasiwasi. Alizijua raba za Waringa, zile nyeupe zenye doa la rangi ya kucha.

Basi huko Njiru kwa kina Waringa, mbele ya wazee, alifagia kapeti kwa kiganja. Akafungua mwavuli mweusi alioushonea kitambaa cha bluu, akaanza kuruka. Shangazi mmoja alisahau chai mdomoni. Irungu akaupita mstari akirudi tena, macho chini, mpaka akaziona raba kwa msichana wa tatu. Akapiga magoti hapo, mwavuli ukitetemeka.

Wa tatu hakusogea. Wa kwanza ndiye aliyetoka. Akamzunguka Irungu na leso yake, akainama kumchungulia usoni, kisha akaelekea getini.

Irungu akaifunua ile leso ya wa tatu. Alikuwa Elsie, binamu ya Waringa, ameng'ata midomo.

"Tulibadilishana viatu," akasema. "Alisema kama unamjua, utamjua tu."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, na mimi hucheka hadi matangani.

Irungu alimkuta Waringa getini, bado amejifunika, nasi sote tukafuata nyuma.

"Waringa."

"Umenipita mara mbili ukiangalia miguu." Sauti yake ilitoka ndani ya leso, haina hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Hiyo video uliitazama mpaka mwisho?"

"Ndiyo."

"Jike akiondoka, dume hufanya nini?"

Irungu akafikiri. "Hufagia tena."

Akachuchumaa na suti yake mpya, akaanza kufagia vumbi la getini kwa mikono. Waringa hakuifunua leso. Lakini hata hatua moja ya kuondoka hakupiga.

Ndipo mama yake Waringa, ambaye hakuwa amemsemesha Irungu tangu asubuhi, akamrushia ufagio. "Fagia vizuri."