Darubini ya Kifaru

Yaqdhan alipostaafu uinjinia, wenzake walinunua mashamba na ngamia. Yeye akaanza kununua vipande vya vifaru vya Wajerumani, vile vilivyozama kwenye vinamasi vya Ulaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili na sasa vinafukuliwa. Mkewe, Mahbuba, alimwachia banda la nyuma ya nyumba na kumkataza sebule.

Mwaka huu lilifika sanduku kutoka Latvia. Ndani mlikuwa na darubini ya mikono miwili, imesimama kama masikio ya sungura. Kamanda wa kifaru alikuwa akiichomoza juu ya chuma, akaona nje bila ya kutoa kichwa. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, wa pili umeganda kwa tope. Yaqdhan akaipeleka Rusayl kwa rafiki yake Talal, mwenye karakana ya kukereza vyuma. Wakailowesha mafuta, wakaibembeleza, hata ule mkono wa pili ukalegea. Vioo vya ndani vizima!

Siku hizo Mahbuba alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Kutwa yuko kitini kwenye roshani ya juu, nyumbani kwao Khuwair, na ukuta wa roshani unamfika kwenye paji la uso. Haoni njia, haoni watu. Goti lenyewe halikumuudhi kama ukuta ule.

Yaqdhan hakuwa na hilo akilini. Alitaka mwangaza tu wa kuijaribu darubini yake. Akaipandisha juu, akaisimamisha mbele ya mkewe, mkono wake mzima ukichomoza juu ya ukuta.

"Nini tena hiki, Yaqdhan?"

"Chungulia."

"Nitoke na kutu jichoni?"

"Nimeipangusa. Hebu."

Mahbuba akainama. Akaangua kicheko.

"Nnamwona Balqees! Yupo dukani, anabonyeza mapapai yote wala hanunui!"

Akaizungusha mpaka milimani, akaitulizia hapo. Sauti ikashuka. "Aliyekuwa akiitumia, alitoka salama?"

"Sijui. Kifaru kilipofukuliwa, mlango wake wa juu ulikuwa wazi."

"Basi alitoka," Mahbuba akakata shauri.

Akairudisha dukani, akampigia simu Balqees. "Chukua lile la kushoto kwako, shoga. Limeiva."

Yaqdhan, aliyesimama, alimwona jirani yao akigeuka huku na huku, papai mkononi, akitafuta nani anamtazama. Hazikupita dakika nyingi Balqees akapanda nalo juu, akihema. Mahbuba akaitisha kisu na sahani. Wakala papai, wakigombea zamu ya kuchungulia.